Mahame



Jumatatu jioni, nikitoka kumpelekea mgonjwa Komunyo hapa Nandagala, nilimkuta binti wa kidato cha pili amekaa chini ya mkorosho wa kwao, ameinamia kitabu kisicho na jalada. Aliinuka upesi akaniamkia.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba, mwanangu. Unasoma nini hata giza linakukuta hapa?"

Akanionyesha. Kilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, nakala ya babu yake mzaa mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nami nilikisoma nikiwa na umri kama wake, kwa mwanga wa koroboi, nikiomba usiku usiishe. Nikamuuliza anakionaje.

"Kitamu, Padre. Ila kuna kitu kinanisumbua. Hawa watu wanatembea porini siku nenda siku rudi, wanaua tembo, wanalala wanapotaka, wala hawapigi hodi. Kwani hilo pori halina bibi wala babu?"

Nilimwambia nitamjibu. Jibu limenichukua wiki nzima, na kwa kuwa ninyi nyote ndio wenye hilo pori, nimeona nilitoe mbele yenu.

Kwa asiyekijua: kitabu hicho aliandika Mwingereza H. Rider Haggard, kikatoka mwaka 1885. Frederick Johnson alikifasiri kwa Kiswahili mwaka 1929, na wazee wengi waliopita shule za Tanganyika walionjeshwa utamu wa hadithi ndefu kwa kitabu hicho. Ukikitazama juu juu ni habari ya almasi. Ukikaa nacho unaona ni habari ya familia. Bwana Henry Curtis anavuka jangwa kumtafuta mdogo wake waliyeachana kwa ugomvi. Na katika msafara wao yumo mtumishi aitwaye Umbopa, mrefu, mkimya, mwenye kujibu kama mtu asiyezoea kuamrishwa. Wakishafika ng'ambo ya milima anafungua nguo yake kiunoni, na pale pana alama ya nyoka iliyomzunguka mwili. Kumbe ni Ignosi, mwana wa mfalme. Baba yake aliuawa na ndugu yake mwenyewe, mama akamkimbiza mtoto jangwani. Basi katika msafara mzima, mtu ambaye nchi ile ilikuwa kwao ndiye aliyekuwa mtumishi wa wengine.

Mwisho wa hadithi Ignosi ameketi kwenye kiti cha baba yake, na anawaaga wageni. Anawaambia kwamba wao ni rafiki zake na mlango wao uko wazi, lakini baada yao hataki mtu. Hataki wachuuzi wa bunduki na pombe kali. Na wahubiri pia hawataki, kwa sababu anaona hao ndio wanaofyeka njia ili wengine wapite nyuma yao.

Nilipokuwa kijana sehemu hiyo niliipita mbio, nikitaka kujua almasi ziliishia wapi. Wiki hii nimeisoma taratibu, mimi padri, na imenichoma. Ignosi ni mtu wa kubuni, na aliyembuni hakuwa Mwafrika, lakini hofu aliyomtilia kinywani haikuwa ya kubuni. Ardhi haichukuliwi siku ile panapopigwa risasi. Huchukuliwa mapema zaidi, siku mtu anapoitazama akasema haina mwenyewe. Na neno hilo liliposemwa, sisi watu wa Kanisa tulinyamaza mara nyingi mno.

Sisi wenyewe tunalisema. Tunasema "pori", na tukishasema pori tumemaliza: pa kukata mkaa, pa kutupa taka, pa kuwatishia watoto. Lakini Kiswahili kina neno jingine, na wazee wetu walilitumia kwa uangalifu. Mahali ambapo watu waliishi wakahama, wakaacha miti yao na wafu wao, paliitwa mahame. Tofauti ya pori na mahame huwezi kuiona kwa macho ukiwa juu ya gari. Inabidi mtu akuonyeshe.

Mimi nilionyeshwa nikiwa na miaka tisa hivi. Kwetu Wamwera, kama ilivyo kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye anayekushika mkono akakuonyesha ulikotoka. Mjomba wangu alinitoa nyumbani alfajiri, tukatembea mpaka jua lilipokuwa kichwani, tukipita vichaka vilivyonikwaruza masikio. Alisimama kwenye miembe mitatu mikubwa iliyoota peke yake katikati ya miyombo. Akaniambia, "Mwembe hauendi porini wenyewe. Ukiuona, kuna mtu alikula embe hapa." Kisha akanionyesha mawe matatu ya mafiga yaliyozama ardhini, na jiwe la kusagia lililolika katikati kwa mikono ya wanawake, na vigae vya chungu. Mbele kidogo palikuwa na kichaka kizito kisichoguswa na panga. Hayo yalikuwa makaburi.

Akaniambia, "Piga hodi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikapiga hodi. Aliyeitika ni njiwa tu, na mjomba akasema, "Karibu," kwa niaba ya wenyewe, tukaingia.

Nani aliwahamisha? Hapo ndipo hadithi yetu inapokuwa ndefu kuliko ya Haggard. Katika karne ya 19 biashara ya watumwa ilipita kusini huku ikielekea Kilwa, na vijiji vilihama vikijificha. Vikaja vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Wajerumani walichoma maghala na mashamba ili njaa imalize kile ambacho bunduki haikumaliza, na wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa katika nchi nzima iliyoasi walifika watu 250,000 au hata 300,000, walio wengi kwa njaa na maradhi. Penye mashamba pakaota miti. Tembo wakarudi, mbung'o wakarudi, na aliyepita miaka 20 baadaye aliona nyika tupu akaisifu kwa uzuri wake. Katika miaka ya 1940 watu wa upande wa Liwale walitolewa kwenye makazi yao kwa sababu ya malale na tembo, na nchi yao ikatiwa ndani ya Pori la Akiba la Selous. Halafu miaka ya 1970 operesheni ya vijiji ikatukusanya barabarani, na hapo ndipo wengi wetu tulipoyaacha makaburi ya mwisho.

Kanisa letu nalo lina wafu wake kule. Mwezi wa Agosti 1905, askofu Cassian Spiss aliuawa porini upande wa Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tunawakumbuka katika sala, na ni haki. Lakini nawaomba tusiwakumbuke peke yao. Wale waliowaua nao walikuwa wana wa mama fulani, nao wamelala katika nchi hiyo hiyo, wengi bila kaburi. Novemba 2, tunapowaombea marehemu wote, mimi huwaombea pamoja.

Selous ilifika kilomita za mraba 50,000 hivi. Ilipewa jina la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyepigwa risasi Beho Beho mwezi wa Januari 1917. Mwaka 1982 iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwenye ramani yameandikwa majina ya watu wakubwa wawili. Majina ya bibi waliosaga mtama mle ndani hayapo kwenye ramani yoyote.

Sisemi hifadhi isiwepo. Mtu asinisikie hivyo. Tembo wa Selous walikaribia 110,000 mwaka 1976. Kufika mwaka 2014 walibaki 15,000 hivi kwa sababu ya ujangili wa pembe, na huo ni msiba wa kuliliwa madhabahuni. Tembo ni kiumbe cha Mungu hata pale anapokula mahindi yako Nachingwea au Liwale kwa usiku mmoja, na najua wapo kati yenu waliokesha wakipiga madebe na kulia. Ninachosema ni kwamba askari wa wanyamapori hulinda kwa kiapo na mshahara, na mjukuu hulinda kwa sababu bibi yake amelala pale. Nchi kubwa kama ile inawahitaji wote wawili. Kwa miaka mingi tulimtumia mmoja, na wa pili tukamwita mvamizi.

Sasa nifungue Maandiko. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, habari ya Nabothi. Mnaijua, na kwa kawaida tukiihubiri tunamkimbilia malkia Yezebeli, barua zake na mashahidi wake wa uongo. Lakini tazameni mwanzo wake. Mfalme Ahabu hakuanza kwa kunyang'anya. Alikuja kama mnunuzi mwema: nipe shamba lako la mizabibu lililo karibu na nyumba yangu, nami nitakupa lililo bora zaidi, au kama unapenda fedha nitakulipa fedha. Nani kati yetu hapa angekataa? Nabothi alikataa, wala hakutaja bei. Alisema ni urithi wa baba zake.

Na Ahabu alilitaka la nini? Hapo nimesimama wiki nzima. Alitaka kulifanya bustani ya mboga.

Mzabibu ni mti wa subira. Unapandwa na mtu, unasubiriwa miaka, unapogolewa na mwanawe, na mjukuu anakula zabibu za mkono asioujua. Mboga unapanda leo na baada ya wiki chache unachuma. Mboga si dhambi, sote tunakula. Kosa la Ahabu, kabla hata ya damu kumwagika, ni kwamba aliitazama kazi ya vizazi akaona mahali pazuri pa mchicha.

Mwaka 1947 mfalme mwingine alitamani bustani, na safari hii ilikuwa hapa kwetu. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula yalikuwa haba, na serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikusudia ekari zaidi ya milioni 3. Walileta matrekta, mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Katika mradi ule walifunga minyororo mizito kati ya matrekta mawili na kuyaendesha sambamba, miti ikang'oka na mizizi yake. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli ikafikishwa Nachingwea. Mvua na udongo havikupimwa vya kutosha, wala mkulima wa hapa hakuulizwa ipasavyo. Mwezi wa Januari 1951 mradi ulitupwa, na pauni milioni 36 hivi zikahesabiwa kuwa zimepotea. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pauni hizo zilihesabiwa bungeni London, lakini miti iliyong'olewa sijasikia popote kwamba ilihesabiwa.

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa ni rahisi kumwona Ahabu akiwa Mwingereza. Ila mimi ni mchungaji wenu, na lazima niseme pia juu ya ufuta.

Ufuta umetusomeshea watoto, umeezeka nyumba zetu kwa bati, na hata sadaka ya mavuno ya parokia sehemu kubwa inatoka humo. Miezi mitatu, minne, umevuna. Lakini ufuta unapenda ardhi mpya, na sisi tumejizoesha kuufuata: mwaka huu tunafyeka hapa, tunachoma, tunalima misimu miwili au mitatu, magugu yakizidi tunasogea mbele. Hatua kwa hatua tumefika kwenye miembe. Mwaka jana niliona kwa macho yangu magogo yaliyoungua kwenye ukingo wa kichaka cha makaburi, na katikati yake gogo la mpingo, jeusi kabla ya moto na jeusi baada ya moto.

Mpingo ni mti wetu wa taifa. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Wamakonde wanauchonga, na Ulaya wanautengenezea klarineti na obo, kwa kuwa wanaithamini sauti yake. Ili ufae kuvunwa unahitaji miaka kati ya 70 na 100. Fanyeni hesabu hiyo mkiwa mmekaa. Mche uliochipua mwaka bibi yangu alipozaliwa leo ndiyo kwanza unakomaa. Si rahisi mtu auoteshe mpingo kisha aukate mwenyewe. Huo ndio mzabibu wetu, na mimi nimeuona umechomwa ili tupate bustani ya miezi minne.

Mama mmoja nilipomwambia haya alinijibu kwa upole, "Padre, mpingo haulipi ada ya Januari." Sikuwa na la kumjibu siku ile. Leo ninalo kidogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiruhusu kijiji, kupitia mkutano wake mkuu, kutenga msitu wake, kuulinda kwa kamati yake na kuuza kwa mpango miti iliyokomaa. Jirani zetu wa Kilwa wamefanya hivyo. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji wa misitu, vikaweza kuuza mpingo wao kama wenyewe badala ya kuutazama ukipita usiku kwenye malori. Wanahesabu miti, wanakata michache, na nyasi wanazichoma mapema zikiwa bado na unyevu ili moto mkali wa kiangazi usikute cha kula. Fedha inaingia kijijini. Haiji kwa kasi ya ufuta, huo ndio ukweli. Lakini inakuja, na msitu unabaki umesimama.

Na wapo ndugu waliolinda hata kabla ya sheria hizo. Pwani ya Kenya, Wamijikenda wamezitunza kaya zao, misitu iliyozunguka maboma ya kale ya wazee. Watu walishatoka kuishi mle, wakabaki kuitunza kwa miiko: usikate, usilishe mifugo, usiingie ovyo. Mwaka 2008 kaya hizo nazo ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Misitu ya pwani iliyokuwa nje ya miiko imekwisha mahali pengi, na kaya bado zipo.

Wengine mtaniuliza: Padre, unaturudisha kwenye mizimu? Wazee wa pande hizi waliweka unga chini ya mti wa msolo wakawaita waliotangulia. Sisi tunamwabudu Mungu mmoja, na unga wetu leo ni mkate wa altareni. Lakini mikono ile iliyoweka unga ilijua kitu ambacho yetu imekisahau, kwamba anayekuja mbele ya mti huo hayuko peke yake na hawezi kufanya atakavyo. Mungu mwenyewe aliwaambia Waisraeli kwamba nchi ni yake, na wao ni wageni na wapangaji kwake. Mgeni hupiga hodi.

Sasa nirudi kwa binti yangu wa chini ya mkorosho, maana deni langu ni kwake. Mwanangu, uliuliza kama pori halina bibi wala babu. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, wapo mabinti watano wa mtu aitwaye Selofehadi. Baba yao alifariki jangwani, hakuacha mtoto wa kiume, na jina lake lilikuwa linataka kufutwa katika ukoo. Mabinti wale walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, mbele ya kuhani na wakuu wote, wakadai urithi. Musa hakujibu kwa akili yake. Alilipeleka shauri kwa Bwana. Na Bwana akasema mabinti hao wamesema kweli. Katika ukoo wetu binti hana haja ya kulia mlangoni, maana yeye ndiye mlango: ukoo unapita kwake. Wewe ni Ignosi wa hadithi hii. Ila huna alama ya nyoka kiunoni, na bila majina hakuna atakayekujua. Ndiyo maana Jumanne nilikutuma kwa bibi yako ukamuulize.

Alhamisi alikuja na karatasi ya daftari. Ameandika wanawake sita, mama wa mama wa mama, na pembeni ya kila mmoja mahali alipolala. Wawili wako hapa kijijini. Mmoja yuko karibu na bonde la Mbwemkuru. Watatu wako kwenye kichaka kile kile nilichokiona mwaka jana kimezungukwa na magogo yaliyoungua. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ya bluu ilikwisha kwenye jina la nne.

Kwa hiyo nina tangazo. Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, tutakwenda kulima njia ya moto kuzunguka kichaka hicho, upana wa hatua sita, kabla nyasi hazijakauka kabisa. Njooni na panga, jembe na maji ya kunywa. Nimezungumza na shehe wetu na wazee wa kijiji, nao watakuja na watu wao, maana mle wamelala waliozikwa wakielekea Kibla na waliozikwa na msalaba, na wengine waliotangulia kabla ya yote mawili, na wote ni wa tumbo moja. Mwenyekiti wa kijiji ameahidi kwamba suala la kutenga msitu huo litawekwa kwenye mkutano mkuu ujao. Wanawake hudhurieni kwa wingi, na mketi mbele. Watoto waje pia. Tukifika kwenye miembe, bibi aliye mkubwa kuliko wote atapiga hodi, nasi tutasubiri kidogo kabla ya kuingia.